Nimemficha Baba Mkwe Kifo cha Mke wa Komiseri

Mama Waridi, assalaam alaikum, pole na kazi. Nisamehe kwa mwandiko, naandikia juu ya meza ya cherehani na roho haijatulia hata kidogo. Nimekuandikia wewe wa gazetini na si yule mwenzako wa redioni kwa sababu redio Baba Mkwe anaisikiliza kutwa, lakini gazeti namsomea mimi, kwa hiyo ukurasa wako nitauruka na hatajua. Majina yote nimeyabadilisha, isipokuwa la Komiseri na la mkewe, maana hao hawapo duniani na hawawezi kunigombeza.

Mimi ni fundi wa kushona, nina miaka thelathini na sita, naishi Nyakabiga katika nyumba ya wakwe zangu. Baba Mkwe, tumwite Mzee Nasser, ni Mwarabu wa hapa hapa Bujumbura, aliyekuja ni babu yake, na yeye ameuza vitambaa miaka hamsini mpaka presha ya macho ikamzima macho yote mawili. Baba yangu mimi ni fundi wa magari, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu zamani, hata mume wangu hajanijua, Mzee Nasser alipeleka gari kwenye garaji ya baba, akaambiwa Alhamisi litakuwa tayari, Alhamisi akaenda akaambiwa kesho, kesho akaenda akaambiwa kesho, akalipata baada ya wiki tano, na tangu hapo akaweka kichwani kwamba nyumba ya fundi haina neno la kweli. Mwanawe alipomwambia anataka kunioa mimi, alisema mbele ya watu, “Mutoto wa fundi ni fundi. Atakuambia Alhamisi.” Nikaolewa hivyo hivyo kwa sababu mama mkwe wangu, Bi Sheikha, Mungu amrehemu, alinipenda na akanisimamia kidete. Lakini Mzee kwa miaka sita hakunisemesha. Niko mbele yake nimeshika sinia, yeye anamwambia mwanawe, “Mwambie mke wako chai imepoa.” Miaka sita, Mama Waridi.

Kilichotupatanisha ni vitabu vya polisi. Nilinunua katoni nzima kwa muuza vitabu vya mitumba, vitabu saba vya Kifaransa vya mtu mmoja, Komiseri Ferrandel, mpelelezi wa mji wa bandari huko Ulaya, mnene, mpole, ana koti moja tu, na kila kesi inayomshinda anaileta jikoni kwa mke wake Odile, na Odile anamwonyesha kitu ambacho polisi kumi hawakukiona. Siku moja baada ya alasiri niko barazani nasoma cha kwanza huku napiga pindo la abaya, nikajichoma sindano, Bi Sheikha akacheka akaniuliza humo ndani kuna nini, basi nikaanza kumsimulia, macho kwenye Kifaransa, mdomo kwenye Kiswahili, na Mzee yuko kwenye kiti chake anajifanya hasikii. Kifaransa chake yeye ni cha dukani, cha mita na bei tu. Kesho yake akamwambia mkewe, “Mwambie aendelee pale mutu alitoka na sanduku.” Siku ya tatu akasema, “We, endelea.” Hiyo “we” niliipokea kama mahari ya pili, nilikwenda jikoni nikalia. Tulipofika kitabu cha pili alikuwa ananiita mwanangu.

Bi Sheikha alifariki Februari ya mwaka jana, ghafla, kwa moyo, tukiwa katikati ya kitabu cha tatu. Mzee hakulia. Alipokea watu, akashukuru, akaomba dua, akakaa. Arubaini ilipopita akaniambia, “Mwanangu, lete Komiseri.” Nikakaa, nikafungua sura ya tisa, nikatupa jicho mbele kama ninavyofanya siku zote kuyatafuta maneno mapema, nikaona Odile anakufa. Ghafla, kwa moyo, jikoni, chai iko motoni. Nikamwangalia Mzee amegeuza sikio upande wangu, nikakiangalia kile kiti cha Bi Sheikha pembeni yake hakina mtu, na mdomo wangu ukasema wenyewe, “Komiseri akafika nyumbani, Odile akamfungulia mlango, akamwambia, vua viatu, leo nimekupikia.”

Ndiyo ilivyoanza, na mpaka leo tuko kitabu cha sita na Odile ni mzima wa afya. Kwenye karatasi Komiseri ni mjane, anakunywa pombe, analala na koti lake. Kwangu mimi anakula vizuri na amenenepa zaidi. Wazungu wanapika nini mimi sijui, kwa hiyo Odile anapika alivyokuwa anapika Bi Sheikha, pilau ya Ijumaa, ndagala za kukaanga na ndimu, samaki mukeke wa mchuzi, na akikasirika anasema alivyokuwa anasema Bi Sheikha, “Haya, kaa na ukubwa wako.” Mzee anacheka mpaka anapangusa macho. Siku nyingine nikimaliza ananiambia, “Kurasa za leo ndefu, mwanangu,” namjibu ndiyo Baba, wametumia herufi ndogo. Kwenye kitabu cha tano niliponea chupuchupu: nilikuwa nimechoka, nina nguo za harusi mbili, nikasoma kama ilivyoandikwa, Komiseri akakaa jikoni peke yake akala mkate mkavu, nikashtuka nikanyamaza kimya, lakini bahati yangu Mzee mwenyewe akasema haraka haraka, “Bi Odile ameenda kwa dada yake, siyo?” Nikasema ndiyo Baba, kwa dada yake, atarudi Jumatatu. Mungu aliniokoa.

Sasa shemeji yangu Adil, anayekaa Kigobe, mtoto mzuri, anampenda baba yake, amegundua kwamba vitabu hivi vimetengenezwa filamu, kila kitabu na filamu yake. Amezipata zote kwenye flash, amekodi projekta, na Jumamosi hii inayokuja baada ya alasiri anatukusanya familia nzima sebuleni kwake, na mapazia mazito ya kuzuia jua nimeyashona mimi kwa mikono hii. Na kwa kuwa Mzee haoni, amemwita Tajudini, yule mfasiri wa filamu anayekaa pembeni ya picha na maikrofoni yake akieleza yote kwa Kiswahili, nani ameingia, nani ameficha bastola, nani analia. Wataanza na ya tatu, kwa sababu Tajudini ameshaiona na anasema hiyo ndiyo inayoliza watu. Mzee alipopewa habari alisema, “Sawa. Twende. Wakati umefika.” Masikini, nadhani anataka tu kutoka nje apunge upepo.

Nikamwendea Tajudini nikamwomba asimuue Odile. Nikamwambia nitamshonea kanzu. Akaniangalia kama mgonjwa. “Apana, Mama. Mi nasema kile kiko pale. Mwanamke ameanguka, bwana yake analia, mi niseme nini, amelala? Watu watanitoa na kiti changu.” Basi Ijumaa nikaenda Kigobe kutundika mapazia, nikaikuta flash juu ya meza, na Mama Waridi, nimeichukua. Iko ndani ya kopo la unga wa muhogo wakati naandika haya. Adil amepindua nyumba nzima, na jana nimesikia anamshuku zamu wake, Audace, baba wa watoto wanne, amelinda geti lile miaka minane na hajawahi kupoteza hata kijiko. Sikudhani ingefika huko, wallahi. Mume wangu nimemwambia habari ya Odile, ya flash sijathubutu, na yeye anasema ni hadithi tu, mwambie Mzee watu wa filamu wamebadilisha. Yaani uongo mwingine juu ya huu.

Siogopi kugombezwa. Naogopa kurudi kwenye “mwambie mke wako”. Naogopa aseme alijua tangu mwanzo kwamba mtoto wa fundi ni fundi, na mara hii atakuwa na haki, ndicho kinachoniua. Nikae na flash mpaka wasahau? Jumamosi nijifanye mgonjwa? Nimwambie? Na nikimwambia, si nitakuwa nimemuua Bi Sheikha mara ya pili, tena kwa mdomo wangu? Nijibu kabla ya Jumamosi, nakuomba kwa Mungu.

Mkaza Mwana, Nyakabiga

*

Mkaza Mwana, waalaikum salaam. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kumi na moja na wenyewe watanisamehe, kwa sababu gazeti linatoka Jumatano na Jumamosi yako haisubiri.

Kwanza flash. Usiendelee kusoma. Weka gazeti chini, fungua kopo, itoe, ipanguse unga, uende Kigobe sasa hivi, umpe Adil mkononi, na useme Audace akiwa anasikia, “Ni mimi niliyeichukua.” Usiseme umeiokota. Usiseme ilidondokea kwenye mkoba wako. Umesoma vitabu sita vya polisi na bado hujui jinsi asiye na kosa anavyobebeshwa? Wewe unaogopa aibu, mwenzako anaogopa kukosa chakula cha watoto wanne. Aibu itapita, watakutania mwezi mmoja watachoka. Na Audace umwombe radhi kwa maneno yako mwenyewe, usimtume mtu.

Umerudi? Haya, kaa tuongee.

Pole kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara tatu, umeeleza vizuri sana majonzi ya Mzee, ya kwako hata mstari mmoja. Yule mama ndiye aliyekupokea katika nyumba ambayo hukutakiwa. Ndiye aliyekuuliza siku ya kwanza humo kitabuni kuna nini. Unadhani pilau ile ya Odile ulikuwa unampikia Mzee peke yake? Na wewe ulikuwa unakula, mwanangu. Si vibaya. Lakini lijue.

Sasa tufanye kazi ya Komiseri, maana ushahidi wote umeuandika wewe mwenyewe na hukuuona.

Baba Mkwe wako ameuza vitambaa miaka hamsini. Haoni, anasikia, na amekaa karibu na wewe kiasi cha kunyoosha mkono. Ukisoma kweli, karatasi inageuka. Ukitunga, unakaa ukurasa mmoja robo saa nzima ukimpikisha Odile mukeke. “Kurasa za leo ndefu, mwanangu.” Na wewe unamjibu herufi ndogo! Nilicheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini.

Halafu siku ya mkate mkavu. Nani alimpeleka Odile kwa dada yake? Si wewe. Wewe ulikuwa umekwama, jasho linakutoka, yeye ndiye aliyekutoa. Mtu anayedanganywa hamtafutii mwongo wake maneno ya kusema. Wewe ukaita bahati.

Na ndagala je? Mwanamke wa Ulaya anakaanga ndagala, anakamulia na ndimu, na Mzee haulizi hata siku moja samaki wa Tanganyika wamefikaje huko! Mzee huyo huyo ambaye mpaka leo anakumbuka wiki tano za garaji! Anasikia mwanamke anasema “kaa na ukubwa wako”, maneno aliyoambiwa yeye na mkewe miaka yote, anacheka, anapangusa macho. Wewe uliona kicheko tu.

Siwezi kuapa, Mzee simjui, nina barua yako peke yake. Lakini mimi nasema anajua, na huenda alijua siku ile ile ya arubaini. Alinyamaza kwa sababu kila alasiri ulikuwa unamletea Bi Sheikha wake nusu saa, na nani angekataa. Sasa yeye mwenyewe amesema wakati umefika. Huyo hatafuti upepo wa Kigobe. Anakuambia yuko tayari, na sidhani kama anataka kuambiwa na Tajudini kwa maikrofoni mbele ya wajukuu. Anakungoja wewe.

Kama nimekosea na hajui kitu, shauri langu halibadiliki hata nukta. Lazima aambiwe, na aambiwe na wewe.

Ulifanya vibaya? Siku ile ya kwanza, apana. Ningekuwa mimi na kile kiti pale mbele yangu, ningesema hivyo hivyo. Kosa lako ni siku ya pili, na ya tatu, na vitabu vitatu vizima. Kila siku, bila shaka, ulijiambia nitamwambia kesho. Unaikumbuka hiyo kesho ilikoanzia? Baba yako hakutaka kumwibia Mzee gari. Alishindwa tu kumwambia, “Mzee, hili gari limenishinda, sijui litapona lini.” Alimwonea haya, akampa Alhamisi. Na wewe ulimwonea huruma, ukampa Odile. Mko sawa kabisa, na nakuambia hivi kwa upendo, nimezaliwa nyumba ya fundi seremala, nazijua hizo kesho.

Kwa hiyo utamwambia Alhamisi. Nimeichagua makusudi. Gazeti linatoka leo Jumatano, kesho ni Alhamisi, usiniambie harusi, usiniambie cherehani limeharibika. Baada ya alasiri, baraza lile lile, mume wako akae nje ya hilo. Kiti cha Bi Sheikha kiache pale pale. Chukua kitabu cha tatu, sura ya tisa, mwambie, “Baba, kuna sura niliiruka.” Usianze kwa kulia na usianze kwa kujitetea. Soma kama ilivyo, macho kwenye Kifaransa, mdomo kwenye Kiswahili, jikoni, chai motoni, yote. Na karatasi uzigeuze kwa sauti, azisikie. Ukimaliza funga kitabu ukae kimya. Usimjazie maneno. Mzee huyu hakulia msibani, akitaka kulia sasa mwache alie, na wewe ukitaka kulia, una haki hiyo hiyo, yule alikuwa mama yako.

Unaniuliza kama utakuwa umemuua Bi Sheikha mara ya pili. La. Umemficha tu ndani ya mwanamke wa kizungu, na humo haitwi kwa jina lake. Mtoe. Kitabu cha sita kirudieni, na cha saba mkisome, vyote kama vilivyoandikwa, Komiseri ale mkate wake mkavu, ndiyo maisha yake. Lakini ukifunga kitabu kila alasiri, bakini hapo barazani mzungumze habari za Bi Sheikha mwenyewe, jinsi alivyopika, jinsi alivyogomba. Mzee ana hadithi zake za miaka mingi ambazo wewe hujazisikia. Itakuwa zamu yake kusimulia na wewe kusikiliza.

Jumamosi nendeni kwenye filamu, kama atataka. Kaa karibu naye. Tajudini akifika pale mwanamke anapoanguka, Mzee atakuwa ameshasikia kwa mtu wake, na maikrofoni haitamshtua. Kanzu ya Tajudini usishone, hakuifanyia kazi.

La mwisho. Umeniandikia kwamba ukurasa wangu utauruka. Hutauruka. Ikiwa kesho koo litakukatalia kuanza, acha kitabu, chukua gazeti hili, umsomee barua yako na jibu langu, kuanzia kichwa cha habari mpaka chini, flash na kopo la unga ndani yake, na majina uyarudishe ya kweli. Ukifika hapa chini, haya machache yaliyobaki si yako, nimemwandikia yeye, wewe msomee tu.

Mzee Nasser, pole kwa Bi Sheikha. Ikiwa maneno haya yamekufikia, basi mtoto wa fundi amekusomea yote bila kuruka hata neno, na leo ni Alhamisi.